Msafiri Anayebeba Nyumba Yake

Kugeuza gari la kifahari la familia kuwa gari la safari za porini ni kazi ya gereji, lakini kila uamuzi unaofanywa huko hujibu, kwa kujua au kwa kutojua, swali la kale la dini na falsafa: starehe ina nafasi gani safarini? Swali hilo huzaa jingine. Mtu aliyebeba kitanda, jiko, maji na friji bado ni msafiri, au ni mkazi aliyehama na nyumba yake?

Gari lenyewe ni lile ambalo Watanzania huliita shangingi: Toyota Land Cruiser VX, Prado, Land Rover Discovery, Range Rover na jamaa zao. Hutoka kiwandani likiwa na viti vya ngozi vya watu saba au wanane, kiyoyozi cha mbele na nyuma, na mwendo laini uliokusudiwa lami. Mwenye nalo akitaka lilaze familia porini siku nne au tano, hung'oa safu ya tatu ya viti, huweka droo na godoro, hufunga hema juu ya keria, kisha betri ya pili na friji.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, uwanja wa karibu wa kulijaribu gari kama hilo ni Mkoa wa Pwani. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Morogoro ambayo kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane kwa kilomita 19.2. Kisarawe iko upande wa vilima vya Pugu, kusini-magharibi mwa jiji, ukingoni mwa msitu wa asili wa Pugu-Kazimzumbwi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mbele yake zinaanza njia za udongo za kwenda Maneromango, Mzenga na Vikumburu. Kati ya miji hiyo miwili, gari hupimwa kwa lami, mchanga, vumbi na, wakati wa masika, matope.

Ngazi tatu za mahitaji

Wanazuoni wa misingi ya sheria ya Kiislamu wana kipimo kinachofaa kuanzia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagawa masilahi ya watu katika ngazi tatu, na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, akaupanua mgawanyo huo. Ngazi ya kwanza ni dharura, yaani jambo ambalo likikosekana maisha huharibika. Ya pili ni haja: likikosekana watu huishi, ila kwa tabu. Ya tatu ni mapambo na ukamilifu, ambayo wanazuoni huyaita tahsini.

Katika gari la safari, dharura ni breki, tairi, springi, maji ya kunywa na vifaa vya kujinasua. Baadhi ya mashangingi husimama juu ya mifuko ya hewa au mitambo ya mafuta inayopandisha na kushusha bodi kwa kitufe. Mitambo hiyo humpa abiria ulaini usio na mfano, lakini ikipasuka Vikumburu hakuna duka la kuipata. Ndiyo maana mafundi wengi huiondoa na kuweka springi za koili na shokapu za kawaida. Tairi za lami nazo hubadilishwa kwa zenye ubavu mnene, na dereva hujifunza kupunguza upepo kutoka psi 35 hadi 20 hivi anapoingia mchangani, ili tairi litandae badala ya kuchimba. Mabadiliko ya ngazi hii yana sura moja: gari hupunguziwa ulaini ili liongezewe uhakika.

Haja ni kulala, kula na kivuli. Hapo ndipo linapoingia friji la volti 12. Lenye ujazo wa lita 40, katika joto la pwani, laweza kutumia ampea-saa 30 hadi 40 kwa mchana na usiku mzima. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inatosha siku moja na sehemu ya pili. Ya lithiamu yenye ukubwa huo inaweza kutumiwa karibu yote, nayo ina uzito wa kilo 12 hivi badala ya 30. Mtoto mchanga anayehitaji maziwa na mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini hulipandisha friji hilohilo kutoka haja hadi dharura, maana ngazi hizi hufuata hali ya mtu, hazifuati jina la kifaa.

Tahsini ni taa za rangi, spika kubwa, mashine ya kahawa, bafu la maji moto na kapeti jipya juu ya droo. Al-Shatibi hakuyakataa mambo ya ngazi hii. Aliyaona kuwa yanaikamilisha ile ya chini yake. Alichoshikilia ni kwamba kikamilisho kikiharibu kile kinachokamilishwa, huachwa.

Katika gari, kanuni hiyo hupimika kwa mizani. Shangingi la kawaida huruhusiwa kubeba kilo 600 hadi 700 hivi, abiria wakiwemo. Familia ya watu wanne ni kilo 250. Maji lita 60 ni kilo 60. Hema la juu ya keria ni 60, droo 60, friji lililojaa chakula 35, bampa la chuma na winchi 90, na dizeli ya akiba lita 80 ni kilo 66 au zaidi kidogo. Jumla imeshapita 620 kabla ya spika wala mashine ya kahawa. Kinachoongezwa baada ya hapo hukatwa kwenye breki, kwenye springi na kwenye uthabiti wa gari konani. Tahsini imekula dharura, na aliyefunga mapambo hayo hajui mpaka siku ya kushika breki kwa nguvu.

Starehe haifuti safari

Swali la pili linahusu hadhi ya msafiri. Uislamu, dini ya sehemu kubwa ya wenyeji wa Pwani, humpa msafiri nafuu maalumu: hupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na katika Ramadhani huweza kula na kulipa siku hizo baadaye. Hadithi mashuhuri huieleza safari kuwa sehemu ya adhabu, kwa sababu humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake. Basi mtu anayekula chakula cha moto, anayekunywa maji baridi na kulala kwenye godoro nene nyuma ya gari lake anadai nafuu hiyo kwa hoja gani?

Wanazuoni walilijibu swali hili karne nyingi kabla ya injini. Walitofautisha hekima ya hukumu na sababu yake. Hekima ya nafuu ni tabu, lakini tabu haipimiki: ya mmoja ni raha ya mwingine. Kwa hiyo hukumu ilifungwa kwenye kitu kinachoonekana, nacho ni safari yenyewe. Mfano wao ulikuwa mfalme anayesafiri kwa anasa, akiwa na watumishi na mahema. Huyo hupunguza sala. Fundi anayefanya kazi nzito juani katika mji wake hapunguzi, hata akiwa amechoka kuliko mfalme. Starehe, basi, haifuti safari.

Kinachoithibitisha safari ni kuondoka na umbali, na kuhusu umbali madhehebu hutofautiana. Washafii, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huhesabu mwendo wa marhala mbili, ambao kwa vipimo vya leo ni kilomita 80 na kitu. Waibadhi, wenye mizizi Oman na waliokuwa na dola Zanzibar, hutosheka na kilomita 12 hivi. Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda kulala Maneromango ni wasafiri kwa Waibadhi, na si wasafiri kwa Washafii. Ikipita Kibaha na kufika Morogoro, kilomita 190 hivi kutoka jijini, wote wanakubaliana. Ubora wa godoro haumo katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Baharia na jahazi lake

Ugumu halisi unaanza pale chombo kinapokuwa makazi. Wanazuoni walikuwa na kisa cha namna hiyo mbele ya macho yao: baharia anayeishi jahazini pamoja na mkewe, watoto na vyombo vyake vyote. Anasafiri kila siku, lakini hajaacha kitu nyuma. Ahmad ibn Hanbal, aliyefariki mwaka 855, aliona kwamba mtu huyo hapunguzi sala, kwa kuwa jahazi ndiyo nyumba yake na hayuko mbali nayo kamwe. Washafii waliona kuwa anaruhusiwa kupunguza, kwa sababu mwendo upo, ila kukamilisha ni bora kwake. Mwambao uliowaona manahodha wakija na kaskazi na kurudi na kusi ulikuwa na watu wa kuulizia swali hilo.

Katika fikihi ya Kishafii lipo pia sharti kwamba msafiri awe na mahali anapokusudia. Anayezunguka ovyo bila kujua aendako hapati nafuu, hata akitembea mwaka mzima. Sharti hili linagusa moja kwa moja aina ya safari ambayo gari lililokamilika huitia hamu: kwenda tu, kulala popote jua litakapozamia, na kuamua kesho asubuhi.

Kisa cha baharia na sharti la mwelekeo vinaonyesha kwamba safari ina nguzo mbili, kuacha na kuelekea. Familia ya Tabata, jijini Dar es Salaam, inayolala usiku tatu katika msitu wa Kisarawe imeacha nyumba, na Jumapili itairudia. Hakuna shaka kuwa imesafiri. Lakini kila kifaa kinachohamishwa kutoka sebuleni kwenda garini, televisheni, intaneti ya kasi, feni, mito ileile na vipindi vilevile, huivuta familia hiyo hatua moja kuelekea hali ya baharia. Mwishowe gari huwa limefika Mzenga na watu wake wakawa hawajatoka Tabata. Kisheria wanaweza kubaki wasafiri. Kimaana wamebadili dirisha tu.

Kukipenda chombo

Mapokeo ya Kikristo yana hoja inayofanana, iliyotungwa pia barani Afrika. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyefariki mwaka 430, alitofautisha kukitumia kitu na kukifurahia kwa ajili yake chenyewe. Mfano aliouchagua ulikuwa wa safari. Watu walio ugenini wanataka kurudi kwao, na wanahitaji chombo cha nchi kavu au cha majini. Lakini mandhari ya njiani na mwendo wa chombo vikiwapendeza kupita kiasi, huanza kukifurahia kile walichopaswa kukitumia, wasitake safari iishe upesi, na nchi yao wakaisahau. Kwa Augustino nchi hiyo ni Mungu, na chombo ni vitu vyote vya dunia.

Hoja yake inagusa tabia inayojulikana kwa kila fundi wa magari haya: mradi usiokwisha. Gari hukaa gereji likiongezwa kitu, hutoka, hurudi kuongezwa kingine, na safari iliyokusudiwa husogezwa kutoka Pasaka hadi Krismasi. Chombo kimechukua nafasi ya mwendo. Hata hivyo, Augustino hapaswi kusomwa kama adui wa springi nzuri. Asiyekuwa na chombo kinachofaa hafiki. Anachokihoji ni upendo ulipokaa, na dalili yake ya wazi ni iwapo mwenye gari anazungumzia zaidi alikokwenda au alichokifunga.

Mzigo hubebwa na nani

Starehe ya safarini ina uzito, na uzito haubebwi na hewa. Karne ya 19 jambo hili lilikuwa wazi, kwa sababu mbebaji alikuwa na uso. Misafara iliyotoka Bagamoyo, kaskazini mwa Kibaha ya leo, kuelekea Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao kila mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, msafara wake uligawanywa makundi matano na ulikuwa na karibu watu 200. Miongoni mwa mizigo ilikuwemo chupa ya shampeni, iliyofunguliwa siku wawili hao walipokutana Ujiji na kunywewa kwa vikombe vya fedha. Shampeni hiyo ilivuka zaidi ya kilomita elfu moja kwa mabega na vichwa vya watu ambao hawakuionja.

Gari limemwondolea mpagazi mzigo, na hilo ni jambo jema lisilopaswa kubezwa. Lakini uzito haukutoweka. Umehamia kwenye dizeli, kwenye springi na kwenye barabara. Katika njia ya udongo, gari la tani tatu linalopita siku ya mvua huchimba mifereji inayokauka na kuwa migumu. Wanaozirithi njia hizo ni wakazi wa Kisarawe wanaotoa korosho na mihogo mashambani kwa bodaboda, na wanaokimbiza mjamzito zahanati usiku. Mwenye winchi hujinasua na kuondoka. Shimo hubaki kwa wenyeji. Adabu ya kusubiri njia ikauke, au kuacha safari ya masika, ni sehemu ya maadili ya starehe kama ilivyokuwa haki ya mpagazi kulipwa posho yake.

Fahari ya jiji na fahari ya pori

Shangingi lina historia ya kimaadili nchini Tanzania. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi katika kampuni za kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa kwa uamuzi uliofanywa Zanzibar mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata gari kubwa lenye vioo vyeusi likawa alama ya umbali kati ya mkubwa na mwananchi. Kibaha yenyewe ina Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa eneo la Kwa Mfipa mwaka 2022 na inayovihusisha vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mjadala wa uongozi na anasa, kwa hiyo, una anwani katika mji huo.

Je, kulipeleka shangingi porini ni kulitubisha? Yaweza kuwa hivyo. Gari lililokuwa likiendeshwa ili lionekane hupata kazi inayolingana na nguvu zake: injini kubwa, magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja na fremu imara hazina haja mjini. Kung'oa viti vya ngozi na kuweka mbao ni kukiri kwamba kitu huheshimika kwa matumizi yake. Lakini yawezekana pia kwamba fahari imebadili mavazi tu. Bampa la chuma, safu ya taa juu ya keria na bomba la hewa lililopanda hadi paani vinaweza kuzunguka Masaki na Mikocheni jijini mwaka mzima bila kugusa vumbi. Wanazuoni huita hali ya kutenda ili watu waone riya, na huiweka miongoni mwa maradhi ya moyo kwa sababu tendo la nje hubaki lilelile. Gari haliwezi kulitatua hilo, kwani bomba lile lile ni dharura kwa mmoja na maonyesho kwa mwingine.

Mgeni na mwenyeji

Linabaki suala la watu wa njiani. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ujio wa mgeni ni heri kwa mwenyeji pia, na heri hiyo hupita katika mlango wa uhitaji: mgeni ana njaa, hajui njia, anaomba pa kulala. Katika Injili, wanafunzi hutumwa bila mkoba wala akiba, ili waishi kwa kupokelewa. Katika Qurani, mpita njia aliyekwama ni mmoja wa makundi manane yanayostahiki zaka. Dini zote mbili zinamwona msafiri kuwa mtu mwenye pengo, na jamii kuwa wenye wajibu wa kuliziba. Gari linalojitosheleza kwa kila kitu hufunga mlango huo. Linaweza kupita Masaki ya Kisarawe na Maneromango bila dereva wake kusalimia mtu, kwa kuwa hana analolihitaji.

Hata hivyo, kujitosheleza si ubaya wakati wote. Mji wa Kisarawe uliishi na uhaba wa maji kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyafikisha kutoka Kibamba, maji yanayotoka Mto Ruvu upande wa Kibaha. Vijiji vya ndani zaidi bado huyatafuta kwa ndoo wakati wa kiangazi. Familia inayoingia huko na lita 60 zake haijawanyima wenyeji heri ya ugeni. Imewaepusha na mzigo. Kinyume chake, familia inayobeba mihogo, nazi, maembe na kuku kutoka duka kubwa la jijini kwenda mahali vinapolimwa na kufugwa imebeba uzito bure, na imemnyima mama wa gengeni mauzo na kujinyima yenyewe mazungumzo.

Hapa hoja zote zilizotangulia hukutana katika kanuni moja: msafiri abebe kilicho haba njiani, aache kilicho tele. Maji, dawa, spea, vifaa vya kujinasua na pa kulala pasipo na nyumba ya wageni huingia garini, kwa sababu kuvikosa ni hatari kwake au ni mzigo kwa wengine. Chakula kibichi, kuni zinazouzwa kihalali, maelekezo ya njia na habari za mahali hubaki nje, vinunuliwe na kuulizwa. Mizani huafiki, maana uzito hupungua. Fikihi haipingi, kwa kuwa nafuu ya msafiri haikuwekewa sharti la tabu. Augustino naye hubaki na chombo kinachotumiwa bila kuabudiwa.

Kanuni hiyo pia huamua mpangilio wa kazi gereji. Breki, tairi na springi hutangulia. Hufuata maji na vifaa vya kujinasua. Kisha kitanda na, kwa anayelihitaji, friji. Baada ya hapo gari hupimwa likiwa limejaa na watu wote wakiwa ndani, na kilo zilizobaki, kama zipo, ndizo zinazoweza kutumiwa kwa mapambo.